Vilima Makumi Tatu na Tisa

Lushebere, tarehe 14 mwezi wa nane 2023

Aimée, mutoto wa mutoto wangu,

Miezi saba! Nimehesabu kwa vidole vya jirani, Mama Mukandori, juu vyangu vilikuwa ndani ya majani ya sombe. Miezi saba haujaweka muguu hapa, na Walikale haiko mbinguni. Hata wafu banakujaka mu ndoto kunisalimia. Weye uko muzima, unakula, unakwenda chooni, na haukuji! Nani alikubeba mugongoni toka Muheto, mvua inatupiga, na ulikuwa muzito kama gunia ya viazi? Mugongo wangu ungali unakumbuka. Weye umesahau.

Telefone yako umeizima. Papa Kasika alijaribu mara makumi mbili, na yule mwanamuke mwenye anakaa ndani ya telefone anajibu paka maneno yaleyale tu. Basi nakutumia karatasi. Karatasi haina kifungo ya kuzima.

Papa Kasika njo yeye anaandika. Unajua mimi sikukalaka ku benchi ya masomo hata siku moja, kalamu naijua juu ya kukuna sikio. Nimemuambia aandike vile ninasema, asitie maneno ya kanisa ndani.

Sasa nakuuliza mbele ya shahidi: muchezo iko wapi?

Ulikuja hapa kambini mwaka jana na karatasi kubwa kama bashi, ile nailoni ya kufunika nyumba, ukaitandika chini. Ukasema: «Bamama, bapapa, nitatengeneza muchezo ya mezani. Vilima makumi ine vya Masisi. Muntu anatupa kete, anatembea kilima kwa kilima na mbuzi yake na maharagi yake. Bantu wa mbali batachangia ku internet, na nyinyi mutachangia kidogo. Kila mwenye kuchangia, kilima yake itachorwa na jina yake chini.» Ukaniuliza sheria. Nikakupa: haupite kilima ya muntu bila kumusalimia. Ukipita kimya kama mwizi, unarudi nyuma hatua tano. Ulicheka, ukaandika.

Na nani alizunguka na weye nyumba kwa nyumba? Mimi. «Papa, kilima yako ilikuwa inaitwaka nani?» Bantu balilia, Aimée. Mbonigaba, yule hasemi na muntu toka akimbie, alitaja jina ya kilima yake mara tatu, akaomba umusomee tena. Bakatoa: huyu kuku, yule maharagi, yule sabuni. Bakangoja.

Sasa banakuja ku mulango yangu. «Koko, muchezo?» Nasema iko njiani. Nimesema iko njiani mupaka batoto ba kambi, wakiona muntu anachelewa kutoka chooni, wanapiga kelele: iko njiani!

Mwezi wa kwanza ulituma mistari mbili: mashine ya kuchapisha iliharibika Goma, kazi imekufa, kila muntu apate chake. Ukarudisha michango. Bantu ba hapa balikataa! Banasema: hatukutoa kuku juu ya kupata kuku. Tunataka kilima.

Kuja uwaambie kwa kinywa chako. Usijifiche nyuma ya mashine. Sikukulea juu ya kuogopa bamama.

Koko wako. (Hii alama nyekundu ni kidole changu. Ni mafuta ya mawese, wino haikuwa.)

Binti Aimée, neema na amani. Mimi Kasika, katekista wa zamani, naongeza maneno machache. Koko wako amesema mengine ambayo sikuyaandika. Kuhusu kilima changu, Lwibo, usijisumbue sana. Nina miaka sabini na mbili. Nilitoka pale mwaka 1993 na sijapanda tena. Nilitaka tu kukiona kimeandikwa mahali. Kuna jambo nililosahau kukuambia ulipoandika alama zake: chini ya mti wa maua mekundu kuna mawe matatu. Ni kaburi la mama yangu. Mashine ikipona, uuweke ule mti.


Walikale, tarehe 2 mwezi wa tisa 2023

Koko wangu,

Najua Papa Kasika njo anakusomea hii, basi namusalimia yeye kwanza. Papa Kasika, asante kwa mwandiko wako. Nililia kabla ya kusoma, nilipoona tu zile herufi zimesimama sawa kama watoto wa masomo.

Niko muzima. Napaka rangi vibao vya maduka. Papa Mbusa, ule mufanyabiashara wa Butembo, ananipa kazi, na motari wake, yule wa pikipiki, njo anabeba barua mupaka ku duka ya dada yake Mama Kavugho, Masisi centre. Juzi niliandika «Hapa Tunauza Chumvi na Misumari» na watu walisimama kuangalia. Ni kazi. Inalisha.

Koko, mashine iliharibika. Siwezi kuongeza kitu. Watu wa internet nimewarudishia wote, na hawajanisamehe. Kuna mumoja anaitwa Valens, anakaa Bruxelles, koko yake alizaliwa Masisi. Alirudishiwa mwezi wa pili. Lakini kila siku ya Mungu, siku ya misa, ananiandikia neno moja: «Mwizi.» Haongezi hata salamu. Ninafungua ile simu siku ya Mungu tu, nasoma, naifunga. Nimezoea kama dawa chungu.

Kitu kimoja nakuomba. Unakumbuka yale majina mawili ya mwisho, ya makumi tatu na tisa na ya makumi ine? Uliniletea weye mwenyewe, siku mbili mbele ya ukurasa wa michango wa internet kufungwa. Uniambie tena uliyapata namna gani.

Sijasahau mugongo wako.

Aimée


Lushebere, tarehe 20 mwezi wa tisa 2023

Aimée,

Barua yako imefika na harufu ya petroli. Papa Kasika ameisoma mara mbili. Ile ya Valens tumeisikia. Umuambie aje hapa nimuoneshe mwizi anafananaka namna gani, nimewaona wengi na hawapakake vibao.

Majina ni majina. Ya mwanzo, ya mwisho, yote yalitoka mu vinywa vya bantu. Unaniuliza kitu ya zamani na mimi hata jana siikumbuki. Uliza kitu ingine.

Mvua imeanza. Bashi yangu inavuja pale juu ya kitanda, nimeweka sufuria. Mama Mukandori anakusalimia. Anakaa palepale, ukuta moja na Papa Kasika, hata ukuta si ukuta, ni bashi. Papa Kasika akikohoa, yeye anasema «pole» bila kuamuka. Yeye njo anamupikiaka, na Papa Kasika njo anamuandikiaka barua za batoto wake ba Uganda. Kilima yake, Kanyabuki, anaiongelea mimi peke yangu, na sauti ndogo. Anasema kama muchezo inatoka, uichore vizuri. Nimemuambia utachora.

Kula vizuri. Walikale kuna samaki, usikule paka muhogo tu kama muntu mwenye hana koko.

Koko wako. (Kidole.)

Binti Aimée, nafikiri ni haki ujue. Niliposoma swali lako kuhusu majina mawili ya mwisho, Koko wako alinyamaza mpaka kalamu ikakauka mkononi mwangu. Sijawahi kumwona amenyamaza, hata kwenye ibada. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema niandike habari ya mvua.


Walikale, tarehe 8 mwezi wa kumi 2023

Kwa Fifi, muguzi wa chanjo, Masisi

Dada Fifi, weye unapita Lushebere kila wiki mbili. Nakuomba hii barua umusomee Koko wangu pembeni, kule mutoni, muntu mwengine asisikie. Hasa Papa Kasika asisikie. Utaelewa.

Koko,

Mashine haikuharibika. Mashine iko nzima Goma na inafanya kazi. Karata za muchezo zilitoka, pakiti mia ine, ziko chini ya kitanda changu ndani ya gunia, zimefungwa na nailoni. Kilichobaki ilikuwa ubao tu. Ni mimi nilisimamisha.

Nilipokuwa nachora vilima vya mwisho, nilimupigia kila muntu simu kumuuliza alama. Papa Kasika aliniambia: kuna jiwe kubwa lenye linafanana na mama amekaa na mutungi kichwani. Chini yake kuna chemchem mbili, moja baridi, moja moto. Nikachora. Hiyo ni Lwibo. Kesho yake nikamupigia Mama Mukandori juu ya Kanyabuki. Akasema: kuna jiwe, dada yangu, ungesema ni mama amekaa na mutungi. Na chemchem mbili.

Nilifikiri ninachoka. Nikamutafuta motari mumoja wa Muheto, nikamuonesha michoro miwili. Alicheka mupaka akashika pikipiki. «Dada, umechora kilima moja mara mbili! Wazee wa zamani wanaiita Lwibo. Wale walikuja nyuma wanaiita Kanyabuki.»

Koko, weye ulizaliwa ng'ambo ya muto wenye unapita chini ya ile kilima. Kila asubuhi ya utoto wako ulikuwa unaona lile jiwe.

Ningefanya nini? Nikiandika Lwibo, nimemunyanganya Mama Mukandori kilima mara ya pili. Nikiandika Kanyabuki, ni Papa Kasika. Nikiweka vilima viwili, nimechapisha uongo mara mia ine, na siku moja muntu wa Muheto atakuja kucheza nao, atacheka kama yule motari, na wao wawili watajulia hapo, mbele ya watu, ku muchezo. Ukuta wao ni bashi, Koko.

Nikaona afadhali waniite mwizi mimi. Mwizi anaweza kukimbia.

Lakini nilikuwa na hasira na weye. Bado ninayo. Niliangalia ile barua yako ya kwanza, «usijifiche nyuma ya mashine», imeandikwa na mukono wa Papa Kasika mwenyewe, na nikaona umemukalisha pale juu ya benchi ananigombeza juu ya kosa yako. Uliweza namna gani?

Aimée


Mutoni, Lushebere, tarehe 17 mwezi wa kumi 2023

Aimée,

Fifi anaandika. Tumekaa juu ya mawe, miguu ndani ya maji. Amesoma barua yako na sasa anafuta macho na kofia yake ya kazi.

Nilijua.

Nitasema vile ilikuwa, usinikate. Ulikuwa na majina makumi tatu na munane. Ukasema bila makumi ine ile ukurasa ya internet itafungwa siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, na kila kitu inakufa. Haukulia, lakini ulikuwa unakula kucha zako kama siku mama yako alikufa. Nikasema: hapana, huyu mutoto hatakosa juu ya vilima viwili. Nikaenda kwa Papa Kasika. Yeye alikuwa anasema hana haja, muzee, muchezo ni ya batoto. Nikamulazimisha. Akasema: Lwibo. Aliisema kama muntu anaomba musamaha. Nikaipeleka.

Kesho yake nikaingia kwa Mukandori. Toka mume wake alikufa hapa kambini sikumuona na meno inje. Nikamuuliza kilima yake. Akasema «Kanyabuki», na akacheka, Aimée! Akacheka, akashika kinywa kama binti. Akaanza kunihadithia chemchem. Na mimi pale, nilikuwa nalijua lile jiwe kuliko najua uso wangu. Ningesema nini? «Mama, funga kinywa, hiyo kilima iliishapewa muntu»?

Nikanyamaza. Nilijiambia: ni karatasi tu. Chini, kilima moja ni moja. Ku karatasi inaweza kuwa mbili, nani ataumia?

Unasema niliweza namna gani kumukalisha pale kukugombeza. Sijui. Nilikuwa nasema kwa nguvu ili nisisikie. Na sikujua kama weye ulishajua. Nilifikiri mashine iliharibika kweli, na nikamushukuru Mungu juu ya ile mashine, halafu nikakugombeza juu yake. Unaona koko yako?

Hawa bantu hawaongeleake vilima vyao mulangoni. Ni kama kutaja wafu mbele ya sahani. Papa Kasika anajua Mukandori ana kilima mahali, na yeye vilevile. Kila mumoja anafikiri ya mwenzake iko mbali. Huyu alitoka 1993, huyu mume wake akanunua 1999 kwa muntu mwenye alikuwa na karatasi. Hawakuonanaka kule hata siku moja. Na weye unajua, Aimée, bantu baliuana huku juu ya vilima vidogo kuliko ile. Naogopa. Usiku hapana, usiku nalala. Ni mchana naogopa, nikiona Mukandori anamupelekea Papa Kasika uji.

Na nitasema namna gani? Mukono yenye inabebaka maneno yangu ni yake.

Nilikuita kwa nguvu. Sasa nasema: ngoja. Usikuje bado.

Koko wako. (Kidole, na maji.)


Walikale, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2023

Koko,

Fifi, asante.

Leo ni siku ya Mungu. Valens ameandika neno lake. Kwa mara ya kwanza nilitaka kumujibu: si mimi. Nikafunga simu, juu ingekuwa kusema ni weye.

Sitakuja, Koko. Si juu unasema ningoje. Siwezi kukaa pale, Mama Mukandori ananipa uji, Papa Kasika ananiuliza kama niliuweka ule muti, na mimi nasema mashine, mashine. Unisamehe. Sitakuja mupaka wajue, na si mimi wa kuwaambia. Siwezi kukutuma, weye ni mukubwa wangu. Nakukumbusha paka sheria uliyonipa weye mwenyewe, ya muchezo. Haupite kilima ya muntu bila kumusalimia mwenyewe. Sisi tulipita mara mbili.

Zile karata panya wameanza kuzila.

Aimée


Lushebere, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2023

Aimée,

Leo Papa Kasika njo anaandika. Nimemuita mimi mwenyewe. Nimemuambia: leo utaandika kila neno, hata yale mabaya, hata yenye haitakupendeza, na hautasimama mupaka nimalize. Amecheka. Anasema ameandika barua za bantu miaka makumi tatu, hakuna neno hajaliandika.

Papa Kasika, usiniangalie mimi, angalia karatasi. Andika na hiyo.

Aimée, weye hauna kosa. Mashine haikuharibika. Ulisema uongo juu ya kunifunika, na mimi nikakaa chini ya ile kifuniko miezi kumi na moja, nikakupigia kelele toka ndani.

Andika.

Ile Lwibo ya Papa Kasika na ile Kanyabuki ya Mama Mukandori ni kilima moja. Jiwe ni moja. Chemchem ni zilezile. Mimi nilijua siku ya kwanza.

Hapa mimi Kasika nimesimama kidogo. Nimemwomba arudie. Amerudia.

Nimemwuliza kama Mama Mukandori anajua. Anasema bado, anatoka hapa kwenda kwake. Nimemwuliza kwa nini ameanza na mimi. Anasema: «Juu weye ulitangulia kule. Na juu ni mukono yako nilichafua.»

Nimemwuliza, kama aliona ni vigumu kusema, kwa nini hakunyamaza mpaka afe, wengi hufanya hivyo. Anasema: «Mutoto anaitwa mwizi kila siku ya Mungu.»

Anasema niandike kwamba ile barua ya mwezi wa nane, ambayo kwa mkono wangu nilimgombeza mtoto asiye na kosa, aliniweka kuiandika huku akijua habari ya kilima. Nimeandika.

Anasema niandike kwamba anaomba. Hajasema anaomba nini. Nimengoja.

Anasema tena: «Andika tu naomba.»

Nimeandika. Binti Aimée, nilikuhukumu bila kosa, unisamehe. Barua imekwisha. Kalamu ni yangu, ninaondoka nayo.

(Kidole hakipo. Sikumpa karatasi.)


Lushebere, tarehe 21 mwezi wa kwanza 2024

Aimée, mutoto wangu,

Fifi amekuja na siringi za batoto, nikamukamata kwa blouse. Anaandika amesimama, bamama wanapanga mustari nyuma yake, basi nitaenda mbio.

Siku ileile nilienda kwa Mukandori. Nilimuambia kwa kinywa. Aliniangalia kama vile nimemupa mutoto amekufa ashike.

«Mukubwa wangu, uliniuzia kilima ya muntu?»

«Sikukuuzia. Nilinyamaza.»

«Na nikakupa kuku!»

«Kuku nitakurudishia.»

«Sitaki kuku yako! Nilicheka mbele yako, na weye ulikuwa unajua.»

Ile ya kucheka njo ilinimaliza. Nilitoka.

Papa Kasika hakutoka mu nyumba yake siku tisa. Mukandori aliendelea kumupelekea uji, lakini anaiweka inje, anagonga bashi, anaondoka. Jioni sahani iko pale, tupu, imeoshwa. Mimi nilikuwa nakaa mu mulango yangu nahesabu sahani. Nilisema: ikibaki na uji siku moja, imekwisha, hawa bantu nimewapiganisha.

Siku ya kumi Mukandori alibeba kiti yake mwenyewe, akaiweka mbele ya mulango ya Papa Kasika, akakaa. Sikuenda. Lakini nilikuambia, ukuta ni bashi, na sikio yangu haiko na mulango.

Alisema: «Papa Kasika, mimi sikufukuza muntu pale. Tulikuta majani.»

Akasogeza kiti karibu na bashi.

«Tulikuta majani na ule muti wa maua nyekundu. Na mawe tatu.»

Nikasikia kitanda inalia. Ameamuka. «Mawe gani?»

«Mawe tatu, chini ya muti. Mume wangu alisema: hapa kuna muntu, jembe haipite. Tulizunguka. Miaka makumi mbili nilikuwa napanda maharagi nazunguka. Majani tu njo nilikuwa nang'oa, na mukono. Sikujua ni nani. Nilikuwa namusalimiaka tu nikipita, Mama jambo, naenda kuchota maji.»

Papa Kasika alifungua mulango. Hakuhubiri, Aimée. Katekista mwenye anahubiri mupaka mbuzi zinalala! Alikaa chini, mu matope, akamutajia jina ya mama yake. Nilisikia hiyo jina. Sitaiweka hapa. Ni yao.

Usifikiri imekwisha kama sikukuu. Hawajasikilizana kilima ni ya nani, na sidhani watasikilizana. Kila asubuhi wanagombana. Huyu: chemchem ya moto iko kuume! Yule: iko kushoto, mimi njo nilikuwa nachota! Kumbe huyu alikuwa anapandaka toka chini, yule anashukaka toka juu. Wanachora na fimbo mu udongo, wanafutiana. Jana Mbonigaba alikuja akasimama pale, akasema: «Na mimi yangu inaonekana toka pale.» Maneno sita! Wakamupa kiti.

Mukandori ananisalimia sasa, na macho pembeni. Atakuja.

Papa Kasika hapana. Anapita mbele yangu kwenda majini, anasema jambo kwa bantu bote mu mustari, akifika kwangu anasalimia muntu wa nyuma. Ni haki yake. Mimi njo nilipita kilima yake kimya, nilirudi nyuma hatua tano, na sitamuomba muntu anisogeze mbele. Lakini inauma, nakuambia. Miaka sita ule muzee alikuwa kinywa changu. Sasa nangoja chanjo ndipo niseme na mutoto wangu.

Fifi anasema karatasi imekwisha, nageuza.

Andika kwa yule Valens. Umuambie koko yako njo alisema uongo, jina yangu uiweke, aniandikie mimi hiyo neno yake kila siku ya Mungu, Fifi atanisomea. Na bantu ba internet bote uwaambie vilima si makumi ine. Ni makumi tatu na tisa. Ile moja uchore kubwa, na majina mbili, na ule muti, na pale penye mawe tatu usipake rangi yoyote. Pakae hivyo. Kama hakuna mashine, chora na mukono juu ya karto ngumu ya sanduku. Bantu ba hapa hawataki kitu ya kung'aa. Wanataka kuweka kidole na kusema: hapa.

Na weye kuja. Sasa nasema kuja. Kuja mbele ya kupanda maharagi, na zile karata zenye panya wamebakisha. Ukifika Lushebere usikimbilie mulango yangu. Anza kwa Papa Kasika, umusalimie na mikono mbili. Halafu Mukandori, kunywa uji yake yote hata kama imeungua. Halafu Mbonigaba, halafu wengine bote, nyumba kwa nyumba. Mimi nitakuwa wa mwisho, nitakuona unazunguka na sitakuita.

Na ulete kalamu. Kitu ya kwanza utaniandikia ni barua. Iko ya kumupa Papa Kasika, mulango yake iko hatua ine toka yangu, nitaipeleka mimi mwenyewe na kuiweka mahali pa sahani. Yeye anajua kusoma. Hii moja ataisoma peke yake, na mimi sitakuwa pale kusikia.

Koko wako. (Kidole.)